Hita ya Maji ya Mzazi

Juni 1994 nilimpoteza mke wangu na mtoto wetu wa kiume. Mtoto alikuwa na siku tisa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mjini Shinyanga, na asubuhi ile kulikuwa na upepo wa baridi. Niliwasha jiko la mkaa nje, nikangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu yote, kisha nikaliingiza ndani ili mke wangu apate maji ya moto na mtoto asipigwe na baridi. Nikafunga dirisha. Uwazi wa chini ya mlango nikauziba kwa gunia. Haya yote niliyafanya mimi kwa mikono yangu, na mke wangu akanishukuru. Mama mkwe alikuwa bado njiani kutoka Mhunze, anakuja kumkanda binti yake. Nikaenda kazini. Niliporudi saa saba mchana hakuna aliyeniitikia hodi.

Watu walisema wamerogwa, wakanitajia hadi jirani. Mganga wa zahanati aliniambia ni hewa ya mkaa, haionekani wala hainuki. Nilimwambia mama mkwe kwamba jiko niliingiza mimi. Tangu siku hiyo sikulizungumza tena na mtu.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Kazi nilijifunzia katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi pale mjini, aliyeuza majiko ya gesi, mabomba na friji za mafuta ya taa. Miaka kabla yangu, wazungu waliokuwa wanasafiri waliharibikiwa na gari lao hapo, wakamwuzia. Lilikuwa gari la zamani lililojengwa kama nyumba, lenye vitanda, jiko, na bafu dogo la nyuma lenye hita ya gesi ya kuchemshia maji. Likakaa uani kwa tajiri likiota kutu, kuku wakitagia chini yake, mpaka mnunuzi mmoja wa dhahabu alipolitaka. Injini ilikuwa imekufa. Akalivuta kwa lori hadi kwenye machimbo karibu na Rwamgasa, akaishi humo.

Septemba 1996 tajiri aliniita.

"Wewe, yule mtu wa dhahabu anataka hita yake ifanye kazi. Mke wake amezaa."

Nikamwambia atafute mwingine.

"Mwingine nani? Hao wengine watamlipulia gari."

Nikainamia bomba nililokuwa nalikata. Akadhani nimekubali, akaanza kunichagulia vipuri. Ukweli ni kwamba sikuwa na ujasiri wa kumwambia sababu.

Nilifika siku ya pili, mchana, vumbi mpaka kwenye meno. Gari lilisimama pembeni ya makambi ya wachimbaji, si mbali na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambayo kelele zake hazikukatika. Magurudumu hayakuwa na upepo. Madirisha yalikuwa yamewekewa nondo, na mlango ulikuwa wa bati nene wenye komeo mbili za ndani. Wiki iliyopita watu walijaribu kuuvunja. Mwenye gari alinieleza hayo kabla ya kunipa maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa umri wangu, mwembamba, asiyetulia macho.

Mama yake alikuwa nje anapuliza moto wa kuni mbichi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kama mama, kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mbona huna mwili? Nilitegemea mtu wa kunibebea hata ndoo hii."

Mwanamke aliyejifungua alilala ndani, kwenye kitanda cha mbele, nyuma ya pazia la khanga. Nilimpa pole ya uzazi, akaitikia kwa sauti ndogo. Mtoto alikuwa na siku sita. Niliposikia hivyo nikajifanya natafuta bisibisi kwenye begi.

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto kwelikweli, asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie, na hatoki nje. Yule mama, bibi wa mtoto, alikuwa akichemsha maji kwa kuni ambazo pale machimboni ni za kutafuta mbali, kisha anayapandisha ngazi za gari ndoo kwa ndoo. Mwanawe hakutaka mkewe akaoge nje katikati ya wanaume wa machimbo, na hakutaka mlango ukae wazi. Kwa hiyo hita.

Nilipoingia bafuni nilitazama kwanza dirisha. Bibi alikuwa ameziba kila upenyo kwa vipande vya blanketi. Tundu la hewa la sakafuni lilikuwa limefunikwa kwa ubao na kupigwa misumari.

"Nani kapiga hii misumari?" nikauliza.

"Mimi," akasema mwenye gari. "Wezi wanaingiza waya hapo chini."

"Na haya mablanketi?"

"Hayo ni yangu," akasema bibi kutoka mlangoni. "Upepo wa huku ni mbaya kwa kitoto. Usiyaguse."

Sikuyagusa siku hiyo. Nilianza kazi. Hita yenyewe ni sanduku la bati lililofungwa ukutani. Ndani yake mrija wa shaba umejizungusha, na chini ya mrija viko vichomeo. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga katika vichomeo vyote, nikavitoboa kimoja kimoja kwa waya wa breki ya baiskeli. Mrija ulikuwa umepasuka sehemu mbili, nikauziba kwa mchanganyiko wa risasi na bati ulioyeyushwa. Mpira wa ndani wa koki ulikuwa umegeuka unga, nikakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya gari. Mpira wa gesi niliubadilisha wote, mtungi nikauweka nje ya gari, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja. Kazi ilichukua siku hiyo na asubuhi iliyofuata. Muda wote mtoto alikuwa akipiga chafya nyuma ya khanga, na kila alipopiga nilisimama kidogo.

Kama saa nne asubuhi niliwasha. Moto ukashika wa bluu, maji yakaanza kutoa mvuke. Bibi akapiga kigelegele kimoja kifupi.

"Ngosha, mwanamume kweli, kumbe mwili si kitu!"

Nikamwambia asubiri. Moto ulianza kubadilika. Ncha zake zikawa za njano, halafu njano ikapanda. Niliwasha njiti ya kiberiti, nikaishika mbele ya uwazi wa juu wa hita, pale moshi unapoingia kwenye bomba la kuutoa paani. Bomba likivuta, ulimi wa moto wa njiti huinama kwenda ndani. Huu uliinama kuja usoni kwangu. Nikaweka kiganja, nikahisi pumzi ya moto ikishuka. Kichwa kilianza kunigonga kwenye paji.

Nikafunga gesi, nikafungua mlango wote.

"Unafanya nini?" mwenye gari akapaza sauti. "Funga!"

"Bomba la juu limeziba. Hewa mbaya inarudi ndani."

"Halijaziba."

"Nimepima."

"Nakwambia halijaziba. Wewe kazi yako ni hita. Hita si inawaka?"

Nilitoka, nikashika ngazi ya kupandia paani. Nilikuwa nimekanyaga kidato cha pili aliponishika mguu, hakunivuta, alinishika tu kwa nguvu.

"Shuka. Juu ya gari langu hapandi mtu."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa na jasho, na hakukuwa na jua kali bado. Hapo nilijua. Au tuseme nilishuku, na sikutaka kujua zaidi, kwa sababu machimboni kujua dhahabu ya mtu iko wapi ni hatari kwako kuliko kwake. Hita ilikuwa haijawaka miaka mingi. Bomba la moshi lilikuwa mahali pakavu ambapo hakuna mwizi angepafikiria. Yeye alidhani bomba lile ni pambo tu.

Nikashuka. Nikamwambia taratibu, mama yake asisikie: "Ndugu yangu, kama kuna kitu chako humo, kitoe. Mimi nitakwenda mbali. Hita hii ikiwaka na bomba limeziba, atakayeoga humo hatoki."

"Kitu gani? Nani kakwambia kuna kitu?" Sauti ilimpanda, akaangalia huku na huku. "Nani kakutuma wewe?"

Bibi akatokea na beseni. "Maji yako wapi? Saa ya kumkanda imepita."

"Yapo, mama," mwanawe akamjibu. "Fundi amemaliza. Jioni utawasha mwenyewe."

Sikubishana naye tena. Nilirudi ndani kukusanya vifaa. Ndani ya hita kuna waya mnene wa shaba ambao ncha yake hukaa kwenye moto mdogo. Kule dukani tuliuita mlinzi. Ncha ikiwa ya moto gesi inapita, na bila huo waya gesi haipiti hata ukifanya nini. Nikaufungua kwa spana, nikautia mfukoni. Nikasimama karibu na pazia.

"Mama," nikamwambia yule mzazi, "nimechukua kitu kimoja cha hita. Bila hicho haiwaki. Bomba la moshi limeziba, na mkiwasha mtakufa, wewe na mtoto. Nitakirudisha bomba likifunguliwa."

Akasogeza pazia, nikamwonyesha ule waya. "Baba yake anajua?"

"Bomba anajua. Hiki nilichochukua, hajui."

"Haya," akasema.

Nilikwenda kwenye kibanda cha mama lishe upande wa pili wa karasha, nikaagiza chai. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu tu. Chai ilikuwa bado ya moto niliposikia mtu anakimbia, na sauti ya mwenye gari.

"Mwizi! Huyo fundi mwizi! Hita haiwaki, kaniibia!"

Nimeishi Shinyanga na nimeona neno hilo linavyofanya kazi. Mtu halimalizi, watu wameshafika. Wachimbaji walitoka kwenye karasha weupe kwa vumbi la mawe, wengine walitoka mashimoni na mitarimbo yao mikononi. Nilisimama ili wasinikute nimekaa. Mmoja akanikamata shati kwa nyuma, mwingine akaingiza mkono mfukoni mwangu, akautoa ule waya, akauinua juu.

"Shaba!" akasema. "Jamani, fundi wa Shinyanga kaja machimboni kuiba shaba! Dhahabu imemshinda!"

Wakacheka. Kicheko kile kilinipa nafasi ya kupumua, lakini aliyenishika shati hakucheka.

"Ni changu hicho," mwenye gari akasema. "Nipeni. Na yeye mwacheni aende zake." Alitaka yaishe haraka. Hakutaka umati karibu na gari lake, na umati aliuita mwenyewe.

Aliyeshika waya akamnyooshea. Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo silielewi vizuri, kwa kuwa mimi ni mwoga. Niliurukia ule waya, nikaunyakua, nikaukunja katikati ya viganja mpaka nikahisi unakaribia kukatika.

"Mkimpa naukata," nikasema. "Akiwasha ile hita, mke wake na mtoto watakufa."

Nilipigwa kofi la sikio, sijui na nani. Nikapiga goti. Mtu mmoja alisema, "Anamtishia mtoto mchanga, mmemsikia?" na hapo kicheko kikaisha kabisa. Niliona mtarimbo ukiinuliwa. Nikainamisha kichwa, waya nimeukumbatia tumboni.

Kisha wanawake waliokuwa kwenye kibanda cha chai wakapiga yowe, lakini si kwa ajili yangu. Nikainua macho. Yule mzazi alikuwa anakuja, pekupeku, anatembea kwa kujivuta, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umembeba mtoto. Siku ya saba, hadharani, upepo unapeperusha khanga yake. Bibi alikuwa nyuma yake anakimbia na blanketi.

"Rudi ndani! Wewe mtoto wa watu, rudi! Unataka kuniua?"

Hakurudi. Wanaume wakampisha, wengine wakageuza nyuso pembeni kwa heshima. Alifika mpaka pale nilipopiga goti.

"Huyu si mwizi," akasema. "Aliniaga. Kitu kile alinionyesha anakichukua na akaniambia kwa nini."

"Mke wangu," mumewe akasema, "nenda ndani. Tutaongea."

"Siendi." Alikuwa anahema. "Humo ndani siingii mpaka fundi apande juu atazame. Nitakaa hapa."

Akakaa. Alikaa chini, kwenye vumbi la karasha, na mtoto mapajani. Bibi akawafunika wote wawili kwa blanketi, akamgeukia mwanawe. Sijawahi kuona mama anamtazama mwanawe hivyo.

"Huko juu kuna nini?"

Mwanawe akatazama umati. Angejibu vipi? Watu zaidi ya thelathini walikuwa wamemzunguka, wenye njaa na mitarimbo. Niliona anavyopiga hesabu moyoni, na nitasema kweli, nilimwonea huruma. Angeweza kupoteza kila alichonacho kwa neno moja.

"Nyigu," nikasema mimi. "Kuna nyigu juu, mama. Alikuwa anaogopa wataniuma."

Huo ndio uongo pekee niliousema katika habari hii. Mtu mmoja akacheka: "Ngosha mzima anaogopa nyigu!" Aliyenishika shati akaniachia. Mwenye shimo lao akawaita, wakaanza kurudi kazini wakinung'unika, maana wengine walikuwa wameshajiandaa kunipiga na sasa hawakuwa na kazi na mikono yao.

Tulirudi garini wanne na mtoto. Mzazi alikaa kwenye ngazi, hakuingia. Mwenye gari akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa pale, angalia kule." Nikakaa juu ya tairi la zamani, nikatazama upande wa barabara. Nilimsikia akipanda paani. Nilisikia bati likikwaruzwa, kitu kikikwama, yeye akitukana, kisha kitu kikitoka. Aliteremka. Sikugeuka mpaka aliponiambia. Kifua cha shati lake kilikuwa cheusi kwa masizi, na mkono mmoja ulikuwa ndani ya shati.

"Panda sasa," akasema.

Nilipanda. Nikaingiza mkono kwenye bomba mpaka begani. Nilitoa kipande cha gunia na udongo wa nyigu kopo zima, kwa hiyo hata uongo wangu ulikuwa na kweli ndani yake. Nikashuka, nikang'oa misumari ya tundu la sakafuni, nikafunga wavu wa chuma badala ya ubao ili waya wa wezi usipite. Waya wa mlinzi ulikuwa umepinda ila haukukatika. Nikaurudishia. Nikawasha. Nikashika njiti: ulimi wa moto ukainama kwenda ndani. Nilirudia kwa njiti tano.

Likabaki dirisha. Nilianza kutoa kipande cha blanketi, bibi akanishika mkono.

"Umepata bomba lako. Dirisha niachie mimi. Mimi nimelea watoto wanane, wewe umelea wangapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia mmoja, siku tisa. Nikamweleza jiko, dirisha, gunia la chini ya mlango, na kwamba aliyeziba ni mimi. Nilieleza nikiwa nimeshika lile blanketi. Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni, akatoka nje. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole. Alivuta blanketi lile mwenyewe, kisha la pili, akalifungua dirisha mpaka nondo zikaonekana.

"Hivi yatosha?"

"Yatosha, mayu."

"Haya toka, aoge."

Nilitoka. Mzazi akaingia, mlango ukafungwa bila komeo. Nikakaa karibu na mtungi wa gesi, chini ya lile dirisha, nikisikiliza. Nilisikia maji yakianguka kwenye beseni, bibi akimkanda, mzazi akiguna kwa uchungu wa maji ya moto. Zikapita dakika bila sauti, nikasimama. Nikasikia wanaongea. Nikakaa. Zikapita tena, nikasimama tena. Halafu mtoto alilia, kilio kikali cha mtoto aliyemwagiwa maji kichwani.

"Fundi!" bibi akaita kupitia dirishani. "Upo?"

"Nipo."

"Maji haya yatambabua mtu. Punguza!"

Nikazungusha koki ya mtungi kidogo.

"Bado!"

Nikazungusha tena.

"Hapo hapo," akasema.